Rangi Hizi ni za Warsiti

Kila asubuhi, kabla chai yake haijapoa, Warsiti alikuwa ameshakaa kwenye mkeka. Mguu mmoja ameukunja, mwingine ameunyoosha. Mkononi ana brashi yenye nywele chache kuliko nyusi za mtoto mchanga. Mbele yake kuna ngozi ya nyati iliyochongwa matundu mengi.

Upande wa pili wa kibaraza alikaa mumewe, Sarwono, na patasi na nyundo yake ya mti. Tok, tok, tok. Mume alichonga, mke alipaka rangi. Waliishi hivyo miaka ishirini na sita. Siku ambayo tok-tok haikusikika, majirani walikuja kuuliza nani anaumwa.

Kitongoji chao, Watulegi, kipo kwenye vilima vya Wonogiri, kisiwani Java. Watu wa hapo hutengeneza vikaragosi vya ngozi vya mchezo wa wayang. Usiku wa mchezo, msimulizi hukaa nyuma ya pazia jeupe, taa ikining'inia juu yake, na kuvichezesha. Watu waliokaa mbele ya pazia huona vivuli. Waliokaa upande wa msimulizi ndio huona rangi.

Na rangi za Warsiti zilistahili kuonwa. Nyekundu yake haikuwa nyekundu moja. Alianza na nyeupe, ikafuata waridi iliyopauka, kisha waridi iliyokolea, kisha nyekundu, kisha nyekundu ya damu. Kila rangi ilikaa kwenye mstari wake bila kumgusa jirani. Ukiangalia kwa karibu, utahesabu ngazi tano. Ukirudi nyuma hatua tatu, ngazi zinapotea, na moto unawaka kwenye ngozi. Mkono kama ule hauzaliwi kila mwaka.

Lakini mgeni akiuliza, “Kikaragosi hiki ni cha nani?” jibu lilikuwa moja tu: “Cha Sarwono.”

Ndivyo desturi ilivyokuwa. Uso wa kikaragosi huchongwa baada ya sehemu nyingine zote. Anayeuchonga husemwa amekifungua, amekipa uhai. Basi kikaragosi ni chake. Aliyepaka rangi hatajwi. Warsiti mwenyewe hakuwahi kulalamika. Wageni walipomsifu, alitabasamu na kusema, “Mimi namsaidia tu.”

Sebuleni mwao palikuwa na kompyuta ya mezani, imefunikwa kitambaa cha maua. Waliinunua ikiwa imeshatumika. Ndani yake zilikuwamo picha za kazi zao za miaka kumi na moja. Wateja wa mbali walichagua vikaragosi kwa kutazama picha hizo. Kompyuta yenyewe ilikuwa nzito kuamka. Sarwono aliiwasha, akaenda kuoga, akarudi, akaikuta bado inafikiri.

Jumatatu moja haikuamka kabisa.

“Ningrum!” Warsiti aliita. “Njoo uone, limekufa hili.”

Ningrum, binti yao wa miaka kumi na tisa, akaja na kipande cha tempe, andazi la soya iliyochachushwa, mkononi. Akabonyeza hapa, akabonyeza pale. Kioo kikabaki cheusi na mstari mmoja wa maandishi meupe.

“Mama, tumekwisha. Nadhani lina virusi.”

“Virusi vimetoka wapi? Hatujawahi hata kulitoa nje!”

Sarwono alicheka bila kuacha kugonga. “Labda lilinyeshewa.”

“Baba, usicheke. Picha zote zimo humu.”

Tok-tok ikanyamaza.

Ningrum akatoka mbio kwenda kumwita Bu Utari, yaani Mama Utari, jirani wa ng'ambo ya njia. Bu Utari alikuwa mwalimu mstaafu. Siku hizi alisimamia maktaba ya kijiji na kompyuta zake sita. Alikuja taratibu, miwani kwenye paji la uso. Akakaa, akaitazama mashine kama daktari anavyomtazama mgonjwa mbishi.

“Nani aliwawekea mfumo humu?”

“Mfumo gani?” Warsiti aliuliza.

“Mfumo endeshi, mdogo wangu. Ndio unaoiamsha kompyuta na kuziongoza programu zote. Bila huo, hili ni sanduku la kuwekea vyungu.”

“Fundi mmoja mjini. Alisema atatufanyia kwa bei chee.”

“Chee kweli, maana aliwawekea nakala ya wizi. Nakala yenu haijawahi kusasishwa. Kusasisha ni kuziba matundu ambayo wezi wameyagundua. Yenu yamekaa wazi miaka yote.”

“Bu Utari,” Sarwono akadakia, “nyumba hii inaishi kwa matundu.”

“Matundu yako yana mpango, Sarwono. Haya hayana.”

Wote wakacheka, hata Warsiti. Bu Utari akatoa flashi mfukoni.

“Humu mna mfumo mwingine, unaitwa Teratai. Ni wa bure, lakini si wa wizi. Waliouandika wameutoa kwa hiari yao. Ruhusa ipo ya kuutumia, kuunakili na kumpa jirani. Na umepangwa kwa ajili ya watu wanaoanza.”

“Hautafuta picha zetu?” Warsiti aliuliza.

“Tukikimbilia kuuweka, utazifuta. Ndiyo maana hatukimbilii. Kwanza tunauonja. Utaamka kutoka kwenye flashi, bila kugusa chochote kilichomo ndani.”

Akaichomeka. Akabonyeza vitufe viwili. Baada ya muda mfupi kioo kikang'aa, na dirisha dogo likatokea. Maandishi yake yalikuwa makubwa: *Karibu. Tuanzie wapi?* Warsiti alishangaa. Mashine hii miaka yote ilimfokea kwa maneno asiyoyajua. Leo inamkaribisha kama mgeni wa chai.

Bu Utari akafungua diski ya zamani. Folda moja, folda ya pili. Kisha picha zikaanza kujitokeza, moja moja, safu kwa safu. Vikaragosi vya mwaka jana. Vya mwaka wa mafuriko. Kile alichokipaka rangi huku Ningrum, akiwa na miaka minane, amelalia paja lake. Warsiti alifuta machozi kwa kiwiko kwa sababu vidole vilikuwa na rangi.

“Zipo,” alisema. “Zote zipo.”

“Zipo, lakini ziko mahali pamoja, na hilo ndilo kosa la pili,” alisema Bu Utari. “Tunanakili kwenye diski ya nje. Tena nakala nyingine ikakae kwa dada yako. Nyumba moja ikiungua, nyingine ibaki na picha.”

Walipomaliza kunakili, Bu Utari akainuka kitini. “Sasa kaa wewe. Wewe ndiye utakayeuweka.”

“Mimi? Mkono wangu unajua brashi tu.”

“Mtu anayepaka mstari mwembamba kuliko unywele anaogopa kipanya?”

Warsiti akakaa. Dirisha liliuliza jambo moja kwa wakati mmoja. Lugha gani? Akachagua. Saa ya wapi? Akachagua. Jina lako nani? Warsiti akaandika, herufi moja moja: S-a-r-w-o-n-o.

Bu Utari alinyanyua nyusi. Akamwelekeza tu kuweka neno la siri refu, lisilokuwa jina la mtoto wala tarehe ya kuzaliwa. Mfumo ukajiweka wenyewe wakati wakinywa chai. Kabla ya kuondoka, Bu Utari alisisitiza mambo mawili. Ukiambiwa kuna sasisho, likubali. Na programu zichukue kwenye duka la mfumo wenyewe, usiokote kila mahali kama kuku.

Wiki tatu zilipita. Warsiti akawa anaiwasha mwenyewe asubuhi, anapanga picha, anawajibu wateja. Alipokosea, alirudi nyuma na kujaribu tena, na hakuna kilicholipuka. Sarwono akawa anawaambia watu sokoni, “Mke wangu siku hizi ni mhandisi.” Alisema kwa mzaha, lakini kifua kilikuwa mbele.

Asubuhi moja lile dirisha la kukaribisha lilileta tangazo. Waandishi wa Teratai walitaka picha ya kutanda kwenye kioo cha toleo lijalo. Kila atakayewasha kompyuta yake, popote alipo, ataikuta picha hiyo kwanza. Walitaka kazi ya mikono ya watu.

“Tupeleke kayon!” Ningrum aliruka.

Kayon ni mlima wa ngozi unaofungua na kufunga kila mchezo wa wayang. Ndani ya mlima huo kuna mti mkubwa, ndege, fahali, chui, na uso wa jitu katikati ya matawi. Sarwono na Warsiti walikuwa wametoka kumaliza kimoja, kazi ya miezi miwili. Ningrum akakipiga picha. Jioni akawaita wazazi wake.

“Tazameni. Nimeipa programu ya akili mnemba iirembeshe kidogo.”

Kioo kilijaa dhahabu. Majani yalimetameta, moto ulipanda mpaka ukingoni. Sarwono alipiga mluzi. Lakini Warsiti alisogea karibu, akasogea tena, mpaka pua ikakaribia kugusa kioo.

“Hii si yangu,” alisema.

“Ni yako Mama, imeng'arishwa tu.”

“Ngazi zangu ziko wapi? Hapa waridi na nyekundu zimekorogwa kama uji. Na huyu fahali, hesabu miguu.”

Ningrum akahesabu. Mmoja, miwili, mitatu, minne, mitano.

Sarwono naye akainama. Uso ukabadilika. “Na matundu haya hayana kiungo. Jani hili limeshikiliwa na nini? Ukichonga ngozi hivi, mti wote unaanguka miguuni mwako.” Akacheka kwa dharau ya fundi. “Aliyechora hivi hajawahi kushika patasi.”

“Hajashika, kwa sababu hana mkono,” alisema Bu Utari, aliyekuwa ameingia kurudisha bakuli. “Programu hiyo imelishwa picha nyingi mno za watu. Za wachoraji, wachongaji, wapiga picha. Wengi wao hawakuulizwa, wala hawatajwi. Inajifunza sura ya kazi, haijui kazi inavyosimama.”

Ningrum aliinamisha kichwa. “Kwa hiyo nimefanya dhambi?”

“Kuitumia si dhambi, mwanangu. Dhambi ni kudanganya. Ukiitumia, sema umeitumia. Ukichukua kazi ya mtu, omba ruhusa na umtaje. Na hapa wametaka kazi ya mikono, basi wape kazi ya mikono. Wape na zile picha mlizopiga wakati wa kazi, ngozi ikiwa haijachongwa, na ikiwa haijapakwa rangi. Huo ndio ushahidi kwamba watu wamefanya.”

Ningrum akafuta picha ile ya dhahabu. Kesho yake alipiga nyingine kwa mwanga wa asubuhi, bila kurembesha. Ikatoka nzuri ajabu. Moto wa Warsiti uliwaka wenyewe.

Ikabaki kujaza fomu. Sarwono alikaa kwenye kiti, akaandika kwa vidole viwili. Mahali palipoandikwa *Msanii*, akaweka jina lake. Akaenda kwenye swali lililofuata.

Bu Utari, aliyekuja kuwasaidia, akakohoa. “Umemaliza hapo?”

“Nimemaliza. Kwani?”

“Fomu inasema watajwe wote walioifanya kazi.”

“Andika tu lako, Baba Ningrum,” Warsiti akasema haraka. “Mimi nasaidia tu.”

Bu Utari hakubishana. Alisogeza kipanya, akafungua ukurasa mmoja ndani ya Teratai. Ulikuwa ukurasa wa shukrani, orodha ndefu ya majina. Aliyeandika programu hii. Aliyetafsiri maneno yale. Aliyejaribu na kugundua makosa. Warsiti alisoma polepole, kidole kikifuata mistari. Kisha kidole kikasimama.

“Huyu naye ametajwa kwa nini?”

“Amechora kile kijipicha cha kapu la taka, pale kwenye kona.”

“Kapu la taka?”

“Kapu la taka.”

Warsiti alilitazama lile kapu. Lilikuwa dogo kama punje ya mchele. Mtu alilichora, na dunia nzima imeambiwa ni nani. Akafikiria vikaragosi alivyopaka kwa miaka ishirini na sita. Vimeenda mjini Solo, vimeenda ng'ambo, vipo nyuma ya vioo vya majumba ya makumbusho. Hakuna hata kimoja kinachojua jina lake. Akaona uchungu, na safari hii hakuuficha.

“Baba Ningrum,” alisema. “Nataka jina langu liwepo.”

Sarwono aligeuka. “Leo umepatwa na nini? Wewe mwenyewe umesema niandike langu.”

“Nilisema. Nimekuwa nikisema hivyo tangu tuoane. Nilikuwa nakosea.”

“Mama Ningrum, desturi unaijua. Anayefungua uso ndiye mwenye kikaragosi. Baba yangu alinifundisha hivyo, na yeye alifundishwa. Tena watu wa mbele ya pazia wanaona kivuli. Kivuli ni patasi. Rangi hawaioni kabisa.”

“Kwenye pazia, kweli. Sikatai.” Warsiti akanyoosha kidole kwenye kioo cha kompyuta. “Na hapa? Mtu akiwasha hiki, ataona kivuli?”

Sarwono akageukia kioo. Kayon kilikuwa mbele yake kioo kizima, na moto wake uliwaka ngazi kwa ngazi, waridi hadi damu. Patasi yake ilikuwepo, na ilikuwa nzuri. Lakini jicho lilienda kwenye rangi kwanza. Lake mwenyewe lilienda huko.

“Huwa nachonga moto kwa pupa,” Sarwono alisema mwishowe, bila kumtazama mtu. “Najua ukifika kwako utatulia. Kuna mahali patasi iliteleza, kwenye bawa la ndege. Ulipaficha. Hukuniambia.”

“Ulikuwa na homa siku ile.”

“Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni,” Bu Utari akasema taratibu.

“Mnyonge gani, Bu Utari? Huyu?” Sarwono akacheka kidogo, macho yamelowa. Akarudi kwenye fomu. Akafuta. Akaandika upya, na ilimchukua muda: *Mchoro wa asili: marehemu Kartawira, baba yangu. Kuchonga: Sarwono. Rangi: Warsiti. Picha: Ningrum. Akili mnemba haikutumika.* Kisha akasita. “Na ile mipini ya pembe ya kushikia vikaragosi? Aliitengeneza Pak Jarwadi.”

“Naye aandikwe. Kidole kimoja hakivunji chawa,” alisema Warsiti.

Habari haikai kwenye kitongoji kidogo. Kabla ya adhuhuri Pak Jarwadi, yaani Bwana Jarwadi, alikuwa mlangoni, anataka kuona kwa macho yake kama jina lake limeandikwa sawasawa. Aliomba lisomwe mara tatu. Mke wake, anayekwangua ngozi za mafundi wote, akauliza kwa nini yeye hayumo. Naye akaingizwa. Fomu ilipoondoka ilikuwa na majina sita, na Warsiti aliandaa tiwul, ugali wa muhogo, na samaki wa kukaanga kwa wote.

Toleo jipya la Teratai lilitoka baada ya miezi mitatu. Kayon chao kilichaguliwa. Bu Utari alisasisha kompyuta sita za maktaba siku moja, akaziwasha zote pamoja, na watoto wa Watulegi wakapiga kelele. Mioto sita iliwaka kwenye vioo. Chini, kwenye kona, kulikuwa na maandishi madogo. Ukiyabofya, majina yote yanatokea.

Tangu hapo mafundi wa Watulegi walianza kuandika kwenye ukingo wa chini wa ngozi. Aliyechonga, aliyepaka, aliyetengeneza mpini. Wazee wawili walinung'unika kwamba huko ni kujikweza. Lakini wateja walipenda. Siku hizi kuna picha nyingi za uongo, na mteja anafurahi kujua ni mkono wa nani hasa anaoununua. Wasichana watatu wa kitongoji, ambao zamani waliona kupaka rangi ni kazi ya kukaa nyuma, walimwomba Warsiti awafundishe.

Asubuhi moja simu ililia. Sarwono aliipokea, kama alivyozoea kupokea simu zote za kazi. Aliyepiga alikuwa mwalimu wa sanaa kutoka Kupang, mji ulio kisiwa kingine kabisa. Alisema kompyuta za shule yake zinatumia Teratai. Wanafunzi wamemchosha kwa swali moja: moto ule umepakwaje? Aliomba fundi asafiri kwenda kuwaonyesha, na nauli wangemtumia.

Miaka yote Sarwono alijibu maswali kama hayo mwenyewe. Alikuwa ameshavuta pumzi kuanza. Kisha akaishusha.

“Subiri kidogo, mwalimu. Hilo si la kuniuliza mimi. Mimi nachonga. Mwenye rangi yupo hapa.”

Akanyoosha mkono na simu. Warsiti alitazama vidole vyake vyenye nyekundu, akavifuta kwenye kitambaa, akaipokea.

“Haloo,” sauti ya mbali ilisema. “Naongea na nani?”

“Unaongea na Warsiti,” alijibu. “Rangi hizo ni zangu.”